Ibu Sumarni Amebakiwa na Lugha Moja

Jumanne, tarehe 14 Januari, saa mbili asubuhi, Ibu Sumarni anakataa uji.

Évariste Alimasi ameinama kando ya kitanda, kijiko mkononi, katika nyumba ya kutunzia wazee kaskazini mwa Toronto. "Makan, Bu," anambembeleza. Kula, mama. Bibi huyo wa miaka 86 anamtazama kama mgeni, anasema maneno marefu ambayo Évariste hayaelewi, kisha anafumba mdomo.

Hii ni wiki ya tatu, na mdomo bado umefumbwa.

Évariste, 58, mzaliwa wa Fizi, mashariki mwa Kongo, anahudumia wazee kumi na wawili kila asubuhi. Waliopanga hesabu hiyo hawajawahi kumlisha mtu.

Mwaka jana, maradhi ya kusahau yalipomnyang'anya bibi Kiingereza, wakubwa waliandika kwenye faili "Lugha: Kiindonesia", wakaenda zao. Aliyejifunza ni Évariste, kwa daftari la shule, akifundishwa na Hotman, fundi bomba kutoka Sumatra anayesali naye kanisa moja.

Haikuwa kazi ngumu. Herufi ni hizi hizi. Kitenzi hakibadiliki, iwe jana au kesho. Wingi mara nyingi ni kulirudia neno tu. Tena meza ni meja, sabuni ni sabun, na bendera ni bendera vilevile, maana Waarabu na Wareno walipita kote.

"Nikamwambia Hotman, kaka, nyie ni watani wetu mliopotelea visiwani," anasema. Ndipo anapocheka, mara hiyo moja.

Bibi alipogoma kula, Hotman alikuja kumsikiliza. Akatikisa kichwa. Alisema hiki ni Kijava, lugha ya kisiwa cha Java, na yeye kwao ni Mbatak, hakijui. Kiindonesia kilitokana na Kimalay cha wafanyabiashara, kikafanywa lugha ya taifa lenye visiwa zaidi ya elfu kumi na saba. Wengi hukikuta shuleni. Nyumbani wana lugha zao, na bibi sasa amebakiwa na ya nyumbani tu.

Évariste aliona haya.

"Mimi Mbembe. Kiswahili nilikipata sokoni na kanisani. Nani alipaswa kulijua hilo kama si mimi? Mwaka mzima namlisha mama wa watu kwa lugha ya shule."

Alikwenda kwa meneja kuomba atafutwe mtu wa Kijava. Akajibiwa kwamba faili lilishajazwa. Wenye ofisi hao, karatasi ikijaa, basi na tumbo limejaa.

Bibi amepungua kilo nne. Ijumaa daktari ataamua kama alishwe kwa mpira. Hotman amepata namba ya mpishi Mjava huko Markham, na Évariste amepanga kumleta Alhamisi, ruhusa itoke isitoke. Mpishi bado hajapokea simu.

Pulchérie, mke wa Évariste, aliyekuwa akisema naye Kibembe, alifariki miaka mitatu iliyopita. Watoto wanakisikia Kiswahili, ila wanamjibu kwa Kiingereza.

"Kitaanza kunitoka Kiingereza," anasema, akikunja vidole. "Kisha Kifaransa. Kisha hiki Kiswahili tunachoongea. Siku hiyo, nani atanishikia kijiko aniambie kula kwa Kibembe?"