Kaliptusi ya Kufukiza, Kaliptusi ya Kutia Puani

Juzi, katika duka moja la dawa hapa Bunia, mama mmoja alisimama mbele yangu na mtoto mgongoni. Vumbi la barabara lilikuwa limemfanya mtoto apige chafya bila kupumzika. Muuzaji akatoa kichupa cha mafuta ya kaliptusi, yaani mkaratusi, akampa.

“Mama, tia tone moja mu kila tundu ya pua. Alerji itaisha.”

“Mutoto iko mudogo, papa.”

“Si munafukizaka batoto na majani ya kaliptusi? Hii iko ileile, ila iko na nguvu zaidi.”

Mama alikwisha kufungua kichupa. Nikamshika mkono, nikamsomea Kifaransa kilichoandikwa ubavuni mwa kichupa: mafuta yasitiwe puani, watoto wadogo wasipewe.

“Weye dada, uko munganga?” muuzaji akaniuliza.

“Hapana. Najua kusoma.”

Akataka kunijibu, chafya ikamtangulia. Mama akamtazama akijipangusa pua kwa kiganja, akamrudishia kichupa.

“Papa, anza na pua yako.”

Akaenda na mtoto kituo cha afya. Muuzaji akafunga kichupa, akakirudisha rafuni.

Sisi sote tunapenda kuota moto. Hakuna anayekalia makaa kwa sababu yana nguvu zaidi.