Kitabu cha Mama Kwenye Rafu ya Juu

Harufu ya dagaa wakavu wa Ikola, kule Ziwa Tanganyika, iliingia nyumbani kwetu Mpanda katikati ya miaka ya tisini, ikakaa kwenye mapazia, kwenye sare yangu ya shule, hata kwenye vitabu vya baba. Kabla ya hapo nyumba ilinukia chai ya tangawizi na nta ya sakafu, kwa kuwa baba alikuwa karani wa shirika la umma na mshahara ulikuwa unafika. Shirika lilipopunguza wafanyakazi, mama akaanza kwenda ziwani kufuata dagaa, na baba akaacha kutoka nje. Salamu za majirani zilimchoma.

Baba alikuwa msomaji. Rafu ya juu pale sebuleni ilibeba vitabu alivyoviita riwaya: wanakijiji wanalima pamoja, mvivu anajirudi, mkutano unamalizika kwa makofi. Vitabu vya mama, vya ndoa na maisha ya mjini, vilinunuliwa stesheni treni ya Tabora ilipoingia, navyo vilikaa kikapuni chini ya meza. "Hivyo ni vya kupotezea muda," baba alizoea kusema, na mama hakubishana naye.

Mchana mmoja wa kiangazi mama na mimi tulikuwa uani tukichambua dagaa, tukitoa mchanga na vijiwe. Baba akatoka na kitabu cha kikapuni, akakaa kwenye kigoda, akaanza kutusomea. Kilihusu mwanamume aliyeachishwa kazi, ambaye kila asubuhi hujifanya anakwenda ofisini, ilhali mkewe anauza vitumbua kulisha nyumba, na anajua kila kitu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alipofika pale mke anapomwekea mumewe chakula bila kumuuliza neno, akakilaza kitabu magotini.

Mama hakuinua kichwa. "Endelea, Baba Neema. Mbele mume anamwambia mkewe ukweli."

"Kumbe umeshakisoma?"

"Mara nyingi."

"Mbona hukuniambia?"

"Si ulisema ni vya kupotezea muda."

Baba alikisoma mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akakiweka rafu ya juu, katikati ya wale wakulima wake wasiochoka. Kesho yake alifuatana na mama sokoni, gunia begani, akiamkiana na majirani mmoja mmoja.

Leo kazi yangu ni kuhariri vitabu. Juzi msichana wa Sitalike alituletea hadithi aliyoiandika kwenye simu, ya bibi yake aliyekuja kutoka Burundi, Kirundi kikichungulia ndani ya Kiswahili chake. Mwenzangu ofisini akauliza kama hiyo nayo ni fasihi. Utotoni mwangu swali hilo lilijibiwa kabla ya kitabu kufunguliwa. Namshukuru mama, aliyesubiri bila kusimanga, na baba, aliyekubali mbele ya binti yake kwamba maisha yamebadilika, na vitabu vya maana vimebadilika nayo. Nikamwambia mwenzangu aisome kwanza. Alianza akiwa amesimama. Baadaye nilimwona amevuta kiti.