Mkanda wa Saba Haukufika

Saa moja asubuhi, kabla hajafungua boksi la sindano na gundi, fundi viatu anasimama mbele ya ubao mweusi wa mlangoni mwake, chaki mkononi. Upande wa kushoto anaandika: "Katuni ya wiki: paka anaangukiwa na kinanda mara nne, anaamka mara nne. Itazame siku uliyochoka."

Upande wa kulia, wenye uchambuzi wa wiki iliyopita, haugusi. Hapo ndipo penye kesi.

Mtaani wanamwita Mzee Mkanda. Kwa miaka kumi na tisa aliendesha mtambo wa sinema katika jumba ambalo leo ni ghala la saruji. Lilipofungwa, alikaa miezi minane bila kazi, ndipo akajifunza kushona soli. Filamu za kale za Hollywood hakuziacha. Huzitazama kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kisha huzichambua ubaoni. Madaftari yake yana filamu 1,412.

Wiki iliyopita aliichambua moja kwa kumbukumbu tu, filamu ya mapenzi ya enzi za picha zisizo na rangi. Aliandika kuwa mwishoni bwana anashuka kwenye treni na kumwoa mchumba wake. Mwalimu mmoja, mteja wake, akaitafuta, akaitazama yote.

"Mzee, umetulisha harusi hewa," alimwambia. "Yule bwana hashuki. Treni inapita."

"Lete kiatu chako kwanza," fundi alijibu, akainamisha kichwa.

Filamu ile ilikuwa na mikanda saba ya picha. Enzi zile za mtambo, jumbani ilifika sita tu. Meneja alimsukuma mbele ya pazia awasimulie watu mwisho. Hakuujua. Akautunga papo hapo. Watu wakapiga makofi, na safu ya pili binti mmoja akalia.

Binti huyo leo ni mkewe, na ndiye anayemmiminia chai. "Ndoa ina miaka thelathini na moja," anasema. "Kwamba niliolewa na mwongo, nimejua Jumanne hii."

"Mwisho ule nimeusimulia mpaka nikasahau kuwa ni wangu," fundi anajitetea, kisha sauti inamshuka. "Sasa nikiandika kwamba filamu fulani ni nzuri, nani ataniamini?"

"Basi futa."

Hafuti. Chini ya harusi ile anaongeza: "Mwisho huu niliutunga mimi, mniwie radhi. Wa kweli tutautazama pamoja Jumapili, saa kumi jioni, darasani kwa mwalimu. Katuni kwanza."

Mwalimu ameazima projekta. Jumapili ikienda vizuri, fundi anataka iwe hivyo kila mwezi: ukuta mweupe, watoto mbele, filamu yenye mikanda yote.

"Mimi nikae safu ya pili," mkewe anasema. "Na treni ikipita, usinisimulie kitu. Nishike mkono tu."

Fundi anainama tena ubaoni. Kwa herufi ndogo, pembeni kabisa, anaandika: "Safu ya pili, viti viwili vimeshachukuliwa."