Grisi ya Marehemu

Tangu afiwe na mumewe, Mama Pacha alikuwa akiamka amechoka kuliko alivyolala. Asubuhi aliwaacha mabinti zake kwa mama mkwe, akajikokota hadi gereji ya shemeji yake, mdogo wa marehemu.

Hapo walikodisha magari makubwa ya safari, yale yenye vitanda na jiko ndani. Kazi yake, aliyoirithi kwa marehemu, ilikuwa kupaka raba za milango na madirisha zisikauke zikapasuka, mvua ikapata njia. Alipaka grisi, kwa kuwa marehemu alipaka grisi.

Siku hiyo gari moja lilirudi mapema. Mteja alishuka na wanawe, akafungua mlango. Magodoro yalikuwa yamelowa chapachapa.

"Tumelala tumekaa," alisema tu.

Hakugomba, na hilo lilimuuma Mama Pacha kuliko matusi. Aliigusa raba ya dirisha. Ilikuwa imevimba, imelegea kama mkate uliochovywa kwenye chai, na weusi wake ukabaki kidoleni.

Alikwenda duka la vipuri kutafuta raba mpya. Muuzaji alipoiona ile ya zamani, aliguna.

"Grisi ni ya chuma, dada. Raba ikinywa mafuta inavimba, mwishowe inaoza. Ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke, kisha upake silikoni, dawa ya kulainisha raba, kidogo kwa kitambaa. Nani alikwambia grisi?"

Mama Pacha alilipia raba mpya na kopo la silikoni.

Gerejini, shemeji alimsikiliza huku amekunja uso.

"Kaka alipaka grisi miaka yote."

"Najua, shemeji."

"Kwa hiyo kaka alikuwa hajui kazi?"

Mama Pacha alikaa juu ya tairi. Miguu ilikuwa ikimwaka moto.

"Alijua mengi. Hili hakulijua. Nami nimechoka, shemeji. Hapa nafanya alivyofanya, nyumbani napika alivyopenda. Chakula kikizidi chumvi, mama ananiambia mwanawe asingekila."

"Mama anasema hivyo?"

"Kila jioni. Na chumvi anaitia yeye."

Shemeji alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Tangu mazishi Mama Pacha hakuwahi kumwona akilia.

Alipogeuka, alikunja mikono ya shati, akajaza beseni maji ya sabuni. Gari lililovuja walilibandua raba zote, maana hazikufaa tena, wakatia mpya. Mengine yote waliyaosha raba, mlango kwa mlango, na grisi ikawa ngumu kutoka. Jioni mgongo wa Mama Pacha ulikuwa hauinuki.

"Kesho usije," shemeji alisema, akikamua kitambaa. "Nitapaka mwenyewe. Nioneshe tu ni kiasi gani."

Akamwonesha: tone dogo, likasambazwa mpaka lisionekane. Kisha akaenda zake nyumbani, akalala na viatu miguuni.