Kuokolewa Kutoka Nini

Kwa miaka tisa nimefundisha darasa la ubatizo la watu wazima katika kanisa letu, ukingoni mwa mji wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, upande wa kwenda Kuluva. Siku za kazi mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Jumamosi alasiri ni mwalimu wa dini. Tunafundisha kwa Kiswahili kwa sababu darasani wamo Walugbara, Wakakwa, wafanyabiashara wa Kongo waliovuka mpaka pale Vurra na wakimbizi wa Sudan Kusini, na Kiswahili chetu cha kuungaunga ndicho kinachotukutanisha.

Miaka yote hiyo nilificha jambo moja. Mama yangu alikuwa ameokoka kweli. Kila asubuhi, kabla ya uji, alitusimulia siku aliyookoka, alivyolia, alivyoacha pombe. Mimi niliokoka nikiwa na miaka kumi na minne, kwenye mkutano wa uwanjani, kwa sababu rafiki zangu wawili walisimama na nikaona aibu kubaki nimekaa. Mhubiri aliniwekea mkono kichwani. Nikasubiri. Sikusikia kitu. Mama alilia kwa furaha, na mimi nikanyamaza. Nilikua nikinyamaza, nikaoa, nikapewa darasa, na bado nilikuwa nimenyamaza.

Jumamosi moja tulifika kwenye somo la Yesu Mwokozi. Niliandika neno Mwokozi ubaoni, nikasema kama ninavyosema kila mwaka, kwamba ametuokoa kutoka dhambini na mautini. Mama mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono. Alikuwa mkimbizi kutoka Yei, Sudan Kusini, wa miaka arobaini hivi, anayeuza karanga za kusaga sokoni. Hakuwahi kuuliza neno tangu aanze darasa.

"Mwalimu, mimi iko na swali," alisema. "Mimi najua mutu mwenye aliniokoa. Ni dereva ya lori, mutu ya Koboko, Mwislamu. Vita ilitukuta kwa barabara, yeye alinipandisha juu ya mbao, akanivusha mpaka Oraba, huku Uganda. Kama naita yeye mwokozi, ni vibaya?"

Wengine walicheka kidogo, kisha wakaacha. Nilimjibu kwamba dereva aliokoa mwili, Yesu anaokoa roho. Akauliza tena:

"Na wewe, Mwalimu, alikuokoa kutoka nini?"

Nilitazama saa, nikasema muda umekwisha.

Wiki ile sikukaa mahali pamoja. Nilianza kusahihisha madaftari ya watoto, nikaacha katikati. Niliingia jikoni, nikatoka. Mke wangu akaniuliza, "Unatafuta nini, baba?" Nikasema sitafuti kitu. Alhamisi nilikwenda sokoni, nikamkuta yule mama akifunika ndoo yake ya karanga. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, lakini alinikata.

"Kabla ya ubatizo nataka nimuone ule dereva," alisema. "Toka siku ile sijamwambia asante. Watu ya malori wanamjua. Ameshaacha gari, anakaa tu kwake Koboko."

"Tutakwenda wote," nikasema. Sikujua kwa nini nilisema hivyo.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Pale Koboko, madereva wa stendi ya malori walituelekeza mpaka nyumba ya matofali nyuma ya msikiti. Binti yake alitukaribisha ndani ya ua. Mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua maharage kwenye ungo, kofia nyeupe kichwani. Mama yule akapiga magoti kumwamkia, akamweleza yeye ni nani: siku ile, lori lenye mbao za msaji, turubai. Mzee hakumkumbuka uso. Lakini aliposikia neno turubai, mikono yake ilisimama ndani ya maharage.

"Nimekuja kusema asante, baba," mama akasema. "Wewe ni mwokozi yangu."

"Hapana," mzee alisema. "Mimi hapana mwokozi. Usinishukuru, mama. Wewe ulikuwa chini ya turubai, wewe hapana ona."

Akatusimulia. Alisimamisha lori ili watu wapande. Risasi zikalia karibu, akaondoa gari kabla wote hawajapanda. Kwenye kioo cha pembeni aliona mwanamke mwenye mtoto mgongoni, ameshika ubao wa nyuma, anakimbia na gari. Kisha mwanamke akaachia. Mzee aliendesha malori miaka mingine minne, na kila alipotazama kioo alimwona. Ndiyo sababu aliacha kazi. Watu wanadhani ni maumivu ya mgongo.

"Mimi nasali mara tano kwa siku," alisema, "na Mungu anasikia, sina shaka. Lakini ule mwanamke. Nani alirudi kwake?"

Aliniuliza mimi, kwa kuwa nilitambulishwa kama mwalimu wa dini. Nilikuwa na majibu, nilikuwa nayo tele, lakini kila niliposhika moja niliona halifai kutamkwa mbele ya uso ule.

Aliyesema ni yule mama. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi nilisikia mkono yake. Ilipiga mbao mara tatu. Nilisema kwa roho yangu, hiyo ni tawi ya mti. Nilijua si tawi."

Binti akaleta chai ya tangawizi. Mzee alimpokonya birika, akammiminia mama kwa mkono wake mwenyewe. Kabla hatujaondoka aliinua viganja vyake kuomba, nasi tukainamisha vichwa, kila mtu kwa namna yake. Nilitamani kwenda na nilitamani kubaki.

Njiani kurudi, tukisubiri gari lijae abiria, mama aliniambia, "Ile dhambi ulitaja kwa darasa, mimi iko nayo."

"Usiseme hivyo. Ungefanya nini, na wewe uko chini ya turubai?"

"Najua. Lakini inanikamata."

Pengine ni kwa sababu hakunificha kitu. Nilimwambia habari ya uwanja, ya rafiki zangu wawili, ya mkono wa mhubiri na ule ukimya ndani yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu. Hata mke wangu alikuwa hajui. Alisikiliza akiwa amekaza macho barabarani.

"Basi wewe ulipanda gari sababu wenzako walipanda," alisema, na tukacheka sote wawili.

Jumapili ya ubatizo, mchungaji wetu alimwuliza kila mmoja kwa nini anamwita Yesu Mwokozi. Wengine walijibu nilivyowafundisha, neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza niliona haya kusikia maneno yangu. Zamu yake ilipofika alishika ukingo wa kitenge chake, akasema:

"Dereva aliokoa sisi wenye tulipanda. Namshukuru mpaka nikufe. Lakini kuko mwenye aliachwa. Yesu, yeye alishuka kwa barabara, akakaa na wenye waliachwa, akakufa nao. Ndiyo naita yeye Mwokozi. Na mimi nataka anisamehe, sababu nilisikia nikanyamaza."

Mchungaji alingoja, akidhani kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Akambatiza.

Darasa jipya lilipoanza niliwaeleza wanafunzi ukweli wangu wote. Mzee mmoja wa kanisa alilalamika kwamba mwalimu anavunja watu moyo, nami nikaitwa ofisini kwa mchungaji.

"Unaamini?" aliniuliza.

"Naamini. Lakini sijatulia."

Akaniambia niendelee kufundisha, ila niwe na upole kwa wale wanaoanza. Mke wangu nilimweleza usiku uleule. Alisema alijua siku nyingi. Alikuwa akingoja nimwambie mwenyewe.

Yule mama huenda Koboko kila mwezi na kopo la karanga. Yeye na mzee huzungumza juu ya mwanamke ambaye hawamjui hata jina, na juu ya mtoto wake. Wamejaribu kuulizia kwa watu waliotoka upande ule, bila kupata jibu. Mzee yumo katika dini yake na hakuna aliyemwambia aiache. Ameanza tena kukaa kiti cha mbele, kando ya kioo cha pembeni, akipata lifti, jambo ambalo binti yake anasema hakulifanya kwa miaka.

Mimi siku hizi nikiomba siitafuti tena ile hisia niliyoikosa uwanjani. Namfikiria yule aliyeachia ubao. Asubuhi nyingine naamini kabisa kwamba Yesu alimfikia, pale pale vumbini, na ninalitamka lile neno Mwokozi bila kusita. Asubuhi nyingine nainuka kabla sijamaliza sala, natoka nje, nafagia ua ambao mke wangu ameshaufagia.