Mtoki wa Wifi

Usinikunjie uso, msomaji; nilikuwepo. Kidonda cha jembe mguuni mwa wifi yangu kilishapona, lakini mtoki kinenani ulibaki, naye akaukanda miezi miwili. Nikampeleka kliniki Makambako.

"Usiukande, mama," daktari akasema. "Humo seli B za damu hutengeneza silaha nyingi, kila moja tofauti kidogo, kisha hubakiza zinazomshika mdudu wa ugonjwa barabara."

"Kama tunavyochagua mbegu za viazi," nikasema.

"Ndiyo, bibi. Kidonda kikipona, mtoki hunywea. Huu haujanywea. Huenda seli zenyewe zimegeuka saratani. Tukate kipande, tupime."

Wifi akainuka kitandani, akajifunga kitenge. "Seli B? Shuleni mkondo wa B walikuwa wajinga. Mimi naenda kwangu."

"Mimi nilisoma B, wifi. Lala."

Akanitazama, akalala. Nikatoka, nikafunga mlango.