Biira Tabisa na simu zinazoitafuta Kongo

Ni Ijumaa ya soko mjini Bwera, Uganda, kwenye mpaka wa Kongo, na kabla hajanywa hata chai, Biira Tabisa anapapasa migongo ya simu za watu. Anaweka kiganja, anangoja kidogo, anahamia ya pili, kama mama anayepima homa ya mtoto. Ya nne inamfanya akunje uso.

"Hii ilikuwa wapi?" anamuuliza mwanamke muuza dagaa aliyesimama mbele ya meza na beseni kichwani.

Mwanamke anajigusa kifuani, ndani ya blauzi.

"Na wewe ulikuwa kwa jua?"

"Sasa niuzie samaki ndani ya nyumba, nyabo?" anajibu, kwa neno la huku la kumwita bibi.

Biira anacheka, lakini msimamo wake haubadiliki. Anaiweka simu kivulini, mbali na nyaya, na kumwambia mwenyewe arudi baadaye. Simu yenye joto haichomekwi kwenye umeme katika kibanda hiki, hata mwenye simu akinuna. Muuza dagaa ananuna na kwenda zake.

Biira ana umri wa miaka thelathini na tisa. Alizaliwa Rukoki, karibu na mji wa Kasese, akaolewa huku mpakani. Mumewe, Semu, hupakia saruji kiwandani upande wa Kasese na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Yeye huchaji simu: meza ya mbao, sanduku la soketi alilotengenezewa na seremala, na paneli ya sola juu ya bati kwa siku ambazo umeme hukatika, nazo si haba.

Kila simu ina kipande cha kadibodi kilichofungwa kwa uzi. Jina peke yake halitoshi hapa. Wakonzo wengi, wenyeji wa huku, hupewa jina kulingana na nafasi ya kuzaliwa, kwa hiyo ukiita "Biira" katikati ya soko watageuka wanawake kumi. Kwenye kadibodi utasoma Biira wa nyanya, Thembo wa bodaboda, Thembo wa misumari.

Kitu kimoja kinamshangaza mgeni. Juu ya mlango kuna kibao kisicho na neno lolote. Maneno yapo, ila yameangalia ukutani. Biira alikigeuza mwenyewe mwaka 2015, na mwaka huu wa 2017 bado kimegeuka. Amemwambia Semu kwamba hatakirudisha mpaka mwanamke mmoja aitwaye Ithungu alete simu yake hapa.

Ithungu huuza chumvi ya Katwe. Banda lake liko ng'ambo ya njia, karibu kiasi kwamba Biira husikia akikohoa.

Zamani kazi ilikuwa nyepesi. Watu walikuwa na simu ndogo za vibonye zenye tochi, na mtu aliyechaji Jumanne ya soko alirudi Ijumaa, simu ikiwa bado na uhai. Biira alitoza shilingi mia tano na hakuna aliyegombana naye. Siku ya soko alipokea simu arobaini hivi, na jioni alinunua mafuta, sabuni na nyama bila kujiuliza mara mbili.

Kisha zikaja simu za kioo. Mtu aliuza mbuzi wawili akanunua simu kubwa yenye picha, akaileta kuchaji asubuhi, na saa nane mchana ikawa imezima. Mtu huyo hakuilaumu simu. Angekilaumuje kitu alichokiuzia mbuzi? Alimlaumu aliyechaji.

"Walisema nauza moto ya nusu," anasema Biira. Moto ndilo neno la huku la chaji. "Eti naweka kidogo kwa simu yako, ile ingine nauzia mutu mwingine. Moto ni maziwa? Nitapunguza namna gani?"

Minong'ono angeivumilia. Kilichomuumiza ni ile Jumanne Ithungu alipovuka njia na simu iliyozima mkononi. Alikuwa na mteja kutoka Kasindi, upande wa Kongo, aliyetaka magunia ya chumvi ya kujaza gari. Mteja alipiga, akapiga tena, akamkosa, akanunua kwa mwingine. Ithungu alisimama mbele ya meza ya Biira, soko limejaa, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuita wateja kutoka mbali.

"Huyu mama ni mwizi wa moto," alisema. "Nimelipa kamili, amenipa nusu. Kila mutu aangalie simu yake."

Watu wakaangalia simu zao. Wengine walizichomoa wenyewe kwenye soketi, bila hata kuomba kadibodi zitolewe. Katika wiki zilizofuata, simu za siku ya soko hazikufika kumi. Kibao kilichosema BIIRA TABISA, MOTO KAMILI kikawa kichekesho, na wapita njia walikisoma kwa sauti. Ndipo alipopanda juu ya kiti akakigeuza.

"Niliona aibu hata kanisani," anasema. "Ukipeana mkono wa amani, unaona mutu anafikiri kitu."

Angeweza kuacha. Shemeji yake alimshauri auze chapati, kwa kuwa chapati hakuna anayeipima imebaki kiasi gani. Biira alikataa. Alisema akiacha sasa, wizi utakuwa umethibitika.

Akapanda gari kwenda Kasese kumtafuta fundi wa simu aitwaye Nobert Otim. Otim ni Mwacholi aliyezaliwa mjini hapo. Baba yake alikuja kutoka kaskazini kufanya kazi mgodini, migodi ikafungwa, familia ikabaki. Biira alimpelekea kikapu cha vitunguu na kumwomba jambo moja: aonyeshwe moto unakwenda wapi.

"Nilimwambia, mama, simu yenyewe inasema," anakumbuka Otim, akiwa ameinamia kazi yake kama kawaida. "Kuna mahali inaandika nani amekula. Watu hawafungui hapo. Wako na haraka ya kufungua picha."

Alimfundisha kufungua ukurasa wa betri. Humo waliona mwanga wa kioo umekula, kwa sababu sokoni kila mtu huuongeza hadi mwisho ili aone juani. Waliona intaneti imekula, imeachwa wazi usiku na mchana, huku programu ambazo mwenyewe hazijui zikivuta habari kimya kimya. Otim akamweleza pia kuhusu joto: betri inayoshinda kwenye joto huchoka mapema, na ikishachoka haiponi; simu ikae kivulini.

Biira alirudi Bwera kichwa kimejaa, na hapo ndipo alipoharibu.

Kwa kuwa joto ni adui, alifikiri, dawa ni baridi. Nyumbani kwake kuna mtungi wa udongo ambao maji yake huwa baridi hata jua likiwa kali. Akauleta kibandani, akauzungushia mchanga uliolowa kama afanyavyo jikoni, na kuziegemeza simu pale zilale kabla ya kuchajiwa. Zilipoa vizuri sana. Mbili hazikuwaka tena, mojawapo ikiwa ya katekista. Maji yalikuwa yameingia kupitia tundu la chaji.

Biira alizilipa zote mbili, mbuzi wakaondoka zizini. Soko lilipata mzaha mpya: Biira wa moto ameanza kubatiza simu. Katekista mwenyewe aliurudia mzaha huo, na Biira anakiri kwamba hilo lilimpa nafuu, maana mtu anayekutania hajakususa.

"Otim alicheka mpaka akakaa chini," anasema. "Akaniambia kivuli, mama. Nilisema kivuli, sikusema mtoni."

Lakini hata baada ya kupunguza mwanga, kufunga intaneti na kutunza simu kivulini, kulikuwa na simu za Bwera ambazo ziliendelea kufa mapema. Za Kasese hazikufanya hivyo. Otim hakuwa na jibu. Alimshauri anunue simu ya namna hiyohiyo, iliyotumika, aishi nayo.

Biira aliinunua. Ilikuwa ya laini mbili, kama za wafanyabiashara wote wa mpakani: laini moja ya Uganda, nyingine ya Kongo kwa ajili ya wateja wa ng'ambo. Alipokaa nayo kibandani, iliisha mapema. Alipoteremka nayo hadi karibu na mto Lhubiriha, ambao ndio mpaka wenyewe, ilidumu. Akarudia, mambo yakawa yaleyale. Akafungua ukurasa wa betri, na safari hii hakikuwa kioo wala intaneti. Ilikuwa ni ile laini ya Kongo. Katikati ya mji mawimbi yake hufika yamechoka, yanakuja na kupotea, na simu hushinda ikiyatafuta.

"Siku yote inatafuta Kongo," anasema Biira. "Kama mutu amepoteza mbuzi. Anapanda, anashuka, jioni amechoka na hakulima kitu."

Tangu hapo kazi yake ilibadilika. Bado anachaji kwa mia tano, lakini kwa elfu mbili hukaa na mteja bega kwa bega na kuipitia simu yake: mwanga, intaneti, laini ya Kongo. Anashona pia vifuko vya mabaki ya kitenge vya kufunga kiunoni, ili akina mama waache kuweka simu kifuani. Vifuko hivyo havinunuliwi sana. Muuza dagaa ameshakataa mara kadhaa, akisema mwizi wa kifuani hajazaliwa.

Ana sharti moja asilolilegeza. Mwenye simu aifungue mwenyewe, na namba ya siri asiitamke. Ndani ya simu kuna pesa, kuna ujumbe wa mume na wa asiye mume. Mtu aliyewahi kuitwa mwizi, anasema, hataki kujua hata jina la paka wako.

Wenzake wanamshangaa. Simu ikidumu siku mbili, si atapoteza nusu ya wateja? Biira amekwisha kulifikiria hilo.

"Atakuja mara moja badala ya mbili, ndiyo," anasema. "Lakini atakuja bila matusi. Mimi nilichoka matusi, sikuchoka kazi."

Wateja wamerudi kidogo kidogo, na siku ya soko simu zimevuka thelathini. Ila Ithungu hajarudi. Kwa miaka miwili amechaji kwa jamaa mwingine upande wa stendi, kisha kwa mwingine, na kila mara ametoka akilalamika. Biira husikia malalamiko hayo kutoka ng'ambo ya njia. Anaijua dawa yake. Angeweza kuvuka njia akamwambia. Hakuvuka, na hajifichi kwamba ni kiburi.

Leo, jua likiwa limeshika vizuri, anavuka Ithungu. Ana kanga iliyojaa vumbi la chumvi na simu mkononi. Wanawake wa meza za jirani wanapunguza mazungumzo. Biira anapokea simu na kuipapasa mgongoni kabla ya kumtazama mwenyewe usoni.

"Inazima tena," anasema Ithungu.

"Ifungue."

Ithungu anaifungua. Biira anamwonyesha ukurasa wa betri na kumweleza habari ya Kongo polepole, bila kuongeza chumvi wala kukumbusha la zamani.

"Nikifunga hiyo laini, wateja wangu watanipata wapi?" anauliza Ithungu. "Mimi naishi na Kasindi."

"Usiifunge siku yote. Waambie wapige asubuhi, wakati unapokea magunia kule chini kwa mto. Pale Kongo iko na nguvu, simu haitafuti. Ukipanda huku, funga. Anayekutaka mchana, mupe namba ya Uganda."

Ithungu anakisogeza kioo karibu na macho. "Yule mutu wa magunia," anasema. "Ile siku. Ilikuwa hii?"

"Ilikuwa hii."

Biira amelingoja neno fulani kwa miaka miwili, na ni wazi kwamba analingoja sasa. Halitoki. Mteja anaita kutoka banda la chumvi, na Ithungu anageuka kwenda. Lakini simu haichukui. Anaiacha mezani ikiwa wazi, haijafungwa kwa namba ya siri, pesa zake na mambo yake yote humo ndani, na anavuka njia bila kutazama nyuma.

Ujumbe unaingia. Biira anaigeuza simu kifudifudi asisome, kisha anatafuta kadibodi. Anaandika: Ithungu wa chumvi.

Alasiri Ithungu anakuja kuichukua. Analipa, anaiangalia, anaitia kwenye kifuko cha kitenge alichokichagua bila kuuliza bei. Kisha anainua macho juu ya mlango, kana kwamba ndiyo kwanza anapaona.

"Na kibao yako, mbona imeangalia ukuta? Wageni watakujua namna gani?"

Biira anamtazama. Majibu anayo mengi, na mengine ameyafanyia mazoezi akiosha vyombo.

"Rangi ilichoka," anasema. "Semu ataleta ingine mwisho wa mwezi."

"Aandike kubwa," anasema Ithungu, kwa ile sauti yake ya kuita wateja, na soko zima linasikia. "Watu wasome kutoka kwangu."